Galoni Mbili za Oili na Ami Mmoja

Jumatano, baina ya Alasiri na Magharibi. Mvua ya vuli ilishuka asubuhi kwa kishindo, ikakata ghafla, na tangu hapo jua linaichemsha lami mpaka Michenzani nzima imekuwa na fukuto. Nimekaa dirishani, ghorofa ya tatu, na chai yangu imeshapoa. Chini naiona pikapu yangu, nyeupe, mpya, imeegeshwa pembeni mwa uwanja wanapochezea watoto. Kila nikiitazama moyo unafurahi upya, na kila mpira ukiipitia karibu moyo huo huo unanilipuka.

Leo nimefanya uamuzi. Nauandika hapa kabla haujalegea.

Kwa anayepita kwenye ukurasa wangu huu mara ya kwanza: mimi ni mwanamke wa shughuli za watu. Nakodisha viti, mikeka, maturubai, masufuria makubwa ya pilau na jenereta moja kuukuu lenye kelele kuliko bibi harusi na mashangazi zake wote. Ukiwa na harusi, khitma au maulidi, unanipigia, nakuja na vyombo. Lakini miaka yote hii nilikuwa nakwenda na gari za kukodi, na kila mwenye gari ana udhuru wake. Kuna mmoja aliniacha Chwaka na viti vyangu vyote juani, eti shemeji yake kashikwa na jino. Siku ile nilikaa juu ya kiti kimoja katikati ya vile viti, nikaapa kwamba nitanunua yangu.

Nimenunua. Ya dizeli, kutoka kwa wakala, haijapata kukaliwa na mtu mwengine. Viti vyake bado vina nailoni. Dada yangu Maryam ananicheka, ananiambia niivue, nitatokwa na vipele vya joto. Sivui.

Sasa imefika pale ambapo oili ya kiwandani inamwagwa na kutiwa mpya. Tena keshokutwa, Ijumaa, napeleka vyombo harusini Bwejuu, safari yake ya kwanza ya mzigo mzito. Wakala yuko ng'ambo, Dar es Salaam. Aliniambia sina haja ya kuvusha gari, nibadilishe oili hapa hapa kwa fundi wangu, mradi oili iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Nikitia nyingine injini ikaharibika, dhamana imekwisha, niwe najijua mwenyewe.

Jambo jepesi hilo, utasema. Basi humjui Ami Nassor.

Ami Nassor ni mdogo wake marehemu baba. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea mimi na Maryam, akatusomesha kwa lori lake la mchanga na mawe. Yeye ndiye aliyenifundisha gari, uwanja wa Maisara, na wanaume waliokaa pembeni kucheka aliwauliza kama wamekuja kujifunza na wao. Siku hizi macho yamempungua, haendeshi tena. Lakini katika ukoo wetu hakuna lori, pikipiki wala jenereta lililopata kutiwa oili na mkono usiokuwa wake. Kuna familia zina mtu wao wa kuchinja. Sisi tuna mtu wetu wa kutia oili.

Jumapili akaja. Amepanda ngazi zote tatu na galoni mkononi, jasho linamtiririka, na hakukubali kupokewa. Akaiweka juu ya meza kama mtu aliyeleta posa. Nikaisoma: oili nzito, ile ya malori, ile ile aliyotumia maisha yake yote.

"Nshaihangaikia mwenyewe," akasema. "Usije ukauziwa matakataka."

Nikamwambia, kwa adabu zangu zote, kwamba kitabu cha gari kimetaja nyingine, nyepesi zaidi. Ami akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, injini mpya ni mzazi. Imetoka huko kwao, imetupwa melini, imepigwa na baridi ya bahari. Mzazi anapewa kitu kizito, chenye joto. Hapewi maji."

Nilijizuia kucheka. Mimi mwenyewe nimezaa mara mbili, na mara zote mbili Ami ndiye aliyeleta kuku na pilipili manga, nikanyweshwa uji mpaka masikio yakataka kutoa moshi, na nikapona vizuri tu. Kwa hiyo hoja yake nilikuwa naijua kwa koo langu. Tena haikuwa hoja ya mjinga. Aliniuliza, hiyo oili nyepesi imetengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji, na theluji Unguja iko wapi? Nikamwambia ahsante Ami, akanywa maji, akashuka.

Galoni ikabaki mezani, nami nikabaki naitazama.

Jumatatu nilikaa na kile kitabu cha gari kama mwanafunzi wa mtihani. Nikafahamu kitu ambacho sikuwa nakijua, na naona aibu kidogo kwamba nimeshika usukani miaka yote hii bila ya kukijua. Zile namba mbili kwenye galoni zina kazi mbili. Ya kwanza, yenye herufi ubavuni, inasema oili itakimbia vipi injini ikiwa imepoa, pale unapowasha asubuhi. Ya pili inasema itakuwa nzito kiasi gani injini ikishapata moto. Na injini ikishapata moto haijui kama iko Unguja au iko kwenye theluji, kwa sababu ina maji yake na feni yake ya kuipoza. Injini za siku hizi zimebanwa, njia zake za oili ni nyembamba. Ukitia nzito ni sawa na kumimina uji wa mzazi kwenye chujio la chai. Utapita, lakini kwa kuchelewa, na huku chuma kinasubiri.

Lori la Ami lilikuwa kongwe, limelegea kila mahali, na ile oili nzito ndiyo iliyokuwa ikiziba nafasi zake. Ami hakukosea. Amepatia, ila kwa gari nyingine.

Nikafurahi kwa kuelewa, halafu nikanyong'onyea. Kuelewa ni kazi yangu peke yangu. Kumwambia Ami ndiyo shughuli.

Jana nikatoka kutafuta oili. Mwanakwerekwe, duka la kwanza, muuzaji akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipa nzito. Nikamrudishia. Akanambia, "Bibi, hiyo unayotaka wewe haina wateja. Huku watu wote wanachukua hii." Duka la pili wakanitolea yenye namba zangu hasa, nikataka kuruka kwa furaha. Kisha nikaigeuza nyuma nikasoma: ya petroli. Namba zile zile, injini nyengine. Muuzaji akasema haina tofauti. Nikamuuliza, na wewe ukitiwa uji badala ya chai utasema haina tofauti? Akacheka, lakini alikuwa bado anataka kuniuzia.

Duka la tatu walikuwa nayo ya dizeli, namba sawa, bei nzuri mno. Lakini kifuniko kilikuwa kimelegea na pete yake ya chini imekatika. Siku hizi kuna watu wanaokusanya magaloni matupu, wanayajaza oili iliyokwishatumika, wanayafuta vizuri na kuyarudisha dukani. Nikaiacha. Wakati natoka nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, mchagua jembe si mkulima. Sikugeuka. Pengine si mkulima, nikasema moyoni, lakini jembe amelinunua kwa pesa zake.

Leo asubuhi, mvua ilipokata, nikaipata Mlandege. Ya dizeli, namba zilezile za kitabu, pete yake nzima, na muuzaji aliyeniandikia risiti bila ya kuombwa. Nikaibeba mpaka nyumbani nimeikumbatia.

Nyumbani nikamkuta Maryam anakata mboga. Akaziona galoni mbili juu ya meza moja, akaelewa hali yote bila ya kuambiwa. Maryam ni mtu wa amani. Ushauri wake alikuwa nao tayari.

"Tia hiyo yako. Ya Ami imimine kwenye jenereta. Akikuuliza, mwambie oili nshatia, ahsante Ami. Utakuwa umesema uongo wapi?"

Na kweli, hapo hamna neno moja la uongo. Sisi tumelelewa hivyo: mtu mzima humvunji moyo, unamwitikia naam, kisha unafanya lako kimya kimya na kila mtu analala vizuri. Nimewafanyia hivyo wakwe zangu, nimewafanyia hivyo mashangazi. Ni adabu, na ni usanii pia. Nikampigia fundi, nikamwambia aje baada ya Adhuhuri, na moyo wangu ulikuwa umeshakubaliana na Maryam.

Fundi akaja, akaingia uvunguni, akafungua. Oili ya kiwandani ikaanza kushuka kwenye beseni. Akaniomba galoni mpya aiweke karibu na faneli.

Nikasita na galoni mkononi. Nilikuwa najiona nimesimama pale kama mwizi wa gari yangu mwenyewe. Gari niliyoinunua mimi, kwa viti na mikeka yangu, halafu natia oili yake kwa kujificha, tena namficha mtu aliyenishikisha usukani mbele ya watu wanaocheka. Nikafikiri pia kwamba itakuwa hivi hivi kila safari. Matairi, breki, dereva wa kumwajiri, kila kitu nitaitikia naam halafu nifanye kimya kimya, mpaka nitazeeka bado nafanya mambo yangu uvunguni.

Nikamwambia fundi asitie kitu. Asubiri.

"Injini tupu hii, Bi Zuhura," akasema kutoka chini.

"Naijua. Nisubiri."

Nikaibeba galoni yangu, nikaenda kwa miguu. Ami anakaa Mkunazini, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo pikapu haipiti na pengine hata kitanda kipya hakipiti bila ya kuvunjwa miguu. Nikavuka Darajani na ule umati wake, galoni inanipiga kwenye goti, buibui limerowa tope chini. Njia nzima nilikuwa najifundisha maneno. Nilipofika, yote yamenitoka.

Ami alikuwa kwenye kibaraza chake, na mswaki mdomoni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni na jua hili?"

Nikaiweka galoni mbele yake. Nikamwambia moja kwa moja, kwa sababu ningeanza na habari za watoto nisingefika. Nikamwambia hii ndiyo oili nitakayotia. Nikamweleza zile namba mbili, nikamweleza njia nyembamba, nikamweleza dhamana. Nikamwambia yake ilikuwa sawa kwa lori, na haifai kwa hii. Na nikamwambia zawadi yake siirudishi, ntaitia kwenye jenereta, itafanya kazi nzuri.

Hapo ndipo nilipokosea.

"Mie sikuleta zawadi ya jenereta," Ami akasema.

Akaichukua galoni yangu, akaisogeza karibu sana na macho. Akaitikisa sikioni. Nyepesi ina sauti yake, inacheza ndani. Hata mimi niliisikia. Akaiweka chini.

"Maji haya, Zuhura."

"Ndivyo inavyotaka, Ami."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Na mimi, sijui ulimi ulitoka wapi, nikamjibu, "Likivunjika, Ami, ni guu langu."

Sijapata kumjibu hivyo maishani mwangu. Sauti yangu haikupanda, nilikuwa nimeinamisha kichwa, lakini maneno yamesemwa na hayarudi. Ami akaondoa mswaki mdomoni. Akainuka, akaingia ndani, na mlango akaurudishia.

Nikabaki kibarazani. Niliogopa, sifichi. Niliona nimempoteza baba mara ya pili, tena kwa ajili ya oili. Nikafikiria kupiga hodi, nimwambie basi, yaishe, tutie yako. Maneno hayo yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikayameza. Si kwa sababu moyo wangu ni mgumu. Ni kwa sababu nilijua nikisema hivyo leo, gari ile haitakuwa yangu tena, na mimi nitamkasirikia Ami kila nikiiwasha. Sikutaka kumkasirikia. Nampenda mno.

Mlango ukafunguka. Ami amevaa kofia na viatu vya kutokea. Mkononi ana kitu kimefungwa kwa kitambaa.

"Nani anatia?" akaniuliza.

"Fundi yuko pale anasubiri."

"Fundi!" akasema, kama mtu aliyeambiwa maiti wake atazikwa na majirani. Akanipita, akaanza kutembea.

Nikamfuata na galoni yangu. Njia nzima alifungua mdomo mara moja tu, pale Darajani, kumkemea mtu wa vespa. Nilimtazama mgongo wake mbele yangu, umepinda sasa, na nikafahamu kitu ambacho kitabu cha gari hakikuwa nacho. Nilikuwa nimemshughulikia Ami kama mwenye hoja ya uzito wa oili, nikamjibu uzito wa oili. Tangu Jumapili nilikuwa sijamwambia: njoo utie. Kumbe nilikuwa nimechagua oili na nimemtoa na mtiaji, kwa pamoja, bila ya kujua kwamba ni mambo mawili.

Michenzani tulipofika, fundi alitoka uvunguni haraka kama mtoto aliyekutwa na mwalimu. Ami akafungua kile kitambaa. Ndani mna faneli yake ya bati, ile ya lori, imeng'arishwa. Akaangalia beseni, akauliza filta kama ni mpya, akauliza parafujo ya chini kama imekazwa, akaambiwa ndiyo, akainama akaigusa mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

Nikampa galoni. Nikamsubiri aseme hataki.

Akakata ile pete, akafungua, akachukua tone moja baina ya vidole viwili, akalisugua, akalinusa.

"Maji," akasema. "Maji matupu."

Kisha akasema, "Bismillahi Rahmani Rahim," akaanza kumimina.

Alimimina taratibu, hakumwaga hata tone. Akasubiri faneli ijikaushe. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akanipa mimi nisome kwa sababu yeye hakuona. Nikamwambia iko sawa. Nikawasha. Ami akainamisha sikio juu ya injini, macho kayafumba, na sisi wote, mimi, fundi na Maryam aliyekuwa juu dirishani na kisu cha mboga, tukawa tunamtazama yeye. Akasikiliza, akafumbua macho. Akaifuta faneli yake.

Nikadhani yamekwisha. Akasema, "Ile galoni yangu iko wapi?"

"Iko juu, Ami."

"Ijumaa iweke nyuma, uifunge vizuri na masufuria. Gari ikishakunywa maji yake yote njiani, tutakuwa na ya kututoa Bwejuu."

"Tutakuwa?"

"Kwani nani atakaa mbele aisikilize?"

Akatia faneli yake kwenye kitambaa, akaniambia mambo ya nailoni kwenye viti ni ushamba, akaondoka zake kuwahi Alasiri. Maryam ameniambia nimeshinda. Mimi sioni hivyo. Ami bado anaamini kwamba nimeinywesha gari yangu maji, na ataipa masikio yake yote kutoka hapa mpaka pwani ya kusini akisubiri igune. Na mimi sina hakika ya kila kitu. Nina kitabu, nina risiti, nina nilichokielewa. Injini ikifa, itakuwa imefia mikononi mwangu, na nitasikia methali ile mpaka kaburini.

Nakubali. Nilichokuwa nakitaka ni hicho hicho, iwe yangu, na lawama yake iwe yangu.

Kesho nina kazi ya kuosha masufuria na kuhesabu viti. Ijumaa baada ya Alfajiri nitampitia Ami pale Darajani, atakaa mbele, nitaendesha mimi. Galoni yake itakuwa nyuma, imefungwa kwa kamba kama alivyoagiza. Itakwenda Bwejuu na itarudi na kifuniko chake, inshallah. Na akinambia njiani niifungue, nitamwambia hapana, kwa mdomo ule ule ninaomwambia shikamoo.